Kichwa kinamuuma, mlangoni wanasema ni korona: dharura ya aliyevunjika shingo wakati wa mlipuko

"Shikamoo daktari. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 29. Mwaka 2016 alipiga mbizi ziwani, akagonga kichwa kwenye mwamba, akavunjika shingo. Anakunja viwiko na kuinua viganja, lakini vidole havishiki na miguu haifanyi kazi. Anatumia mpira wa mkojo. Tunaishi Igogo, Mwanza, juu kwenye mawe. Mwaka 2021, wakati wa korona, aliamka kichwa kinamgonga kama kinapasuka, jasho linamtiririka usoni, pua imeziba, miguu ya baridi na vinyweleo vimesimama. Tulimpeleka kituo kimoja cha afya. Wakasema hiyo ni korona, wakamlaza chali kwenye chumba cha peke yake, mimi wakanizuia mlangoni. Presha ilikuwa 160/100, wakasema siyo mbaya sana. Saa nyingi baadaye muuguzi mmoja akaona mpira umejikunja chini ya paja. Alipounyoosha mkojo ulitoka mwingi na kichwa kikapoa. Alirudi nyumbani na kidonda kikubwa juu ya makalio. Sasa nikisikia mlipuko wowote, kipindupindu au ule wa Marburg wa Kagera, silali. Mama anasema tumfungie ndani na tumpige nyungu, asiende hospitali tena. Dharura ikimpata wakati wa mlipuko nimpeleke au nimtunze nyumbani? Na niwaambie nini wanielewe?"

Marahaba, dada yangu. Nianze na jibu unalolingoja: mpeleke. Dharura kama uliyoieleza haisubiri mlipuko upite. Hofu ya kuambukizwa mapokezini ni hofu halali, lakini presha inayopaa ghafla kwa mtu aliyevunjika shingo inaweza kumpasulia mshipa wa kichwani au kumletea degedege siku hiyohiyo. Ila usimpeleke mikono mitupu. Kuna karatasi moja ambayo mngekuwa nayo mwaka ule, naamini mambo yangekwenda vingine. Nitaifikia. Kwanza nikueleze kilichotokea, maana ukikielewa utaweza kumweleza hata daktari mgeni usiku wa manane.

Hali ile inaitwa disirefleksia otonomia. Humpata mtu ambaye uti wake wa mgongo umeumia kifuani usawa wa pingili ya sita au juu zaidi, na shingo iko juu zaidi. Kwa ulivyosema anakunja kiwiko na kuinua kiganja ila vidole havishiki, nakisia jeraha lake liko kwenye usawa wa pingili ya sita ya shingo. Hapo ndipo mawasiliano kati ya ubongo na mwili yalipokatika.

Kibofu kikijaa na mpira umejikunja, kibofu hupeleka taarifa juu kama kawaida. Taarifa inafika kwenye jeraha na kukwama, kama msafiri wa Sengerema aliyefika Kamanga akakuta kivuko kimeshaondoka. Lakini huku chini hakutulii. Neva zilizo chini ya jeraha hazina tena wa kuzituliza, kwa hiyo zinabana mishipa ya damu ya tumbo na miguu yote kwa mara moja. Damu inasukumwa juu, presha inapaa. Ubongo unaiona presha hiyo na kutoa amri mbili: moyo upunguze kasi, na mishipa ilegee. Amri ya kwanza inafika, kwa sababu neva inayotumwa kwenye moyo haipiti kwenye uti wa mgongo. Ya pili inaishia palepale shingoni. Ndiyo maana juu ya jeraha mishipa inatanuka, kichwa kinagonga, uso unatoka jasho na pua inaziba, wakati chini ya jeraha ngozi ni ya baridi na vinyweleo vimesimama.

Sasa sikiliza orodha hiyo kwa masikio ya mhudumu wa mlangoni mwaka 2021: kichwa, jasho, pua imeziba, baridi. Alifundishwa kuitafuta Uviko, naye akaisikia Uviko. Simtetei aliyemwacha mdogo wako saa nyingi bila kuangaliwa, na kidonda alichorudi nacho kilizuilika. Nataka tu uone kwamba kosa lile linaweza kurudiwa na mtu mwingine mwenye nia njema kabisa, usipokuwa na cha kumwonyesha.

Makosa yalikuwa mawili, na yote mawili yanatokana na kumtibu kama mtu mwingine yeyote. La kwanza ni kumlaza chali. Mwenye hali ile anaketishwa wima, miguu ining'inie, ili damu ishuke na presha ipungue angalau kidogo. Kumlaza kunaipandisha. La pili ni kusema 160 siyo mbaya sana. Kwa mtu aliyevunjika shingo, presha ya juu ya kila siku, yaani ile namba inayotajwa kwanza, huwa kati ya 90 na 110. Ikipanda kwa 20 hadi 40 juu ya kawaida yake, hiyo tayari ni dalili. Kama kawaida yake ni 95, basi 160 ni kupanda kwa 65. Lakini nani pale alijua kawaida yake ni ngapi? Je, wewe unaijua?

Hapa ndipo inapoingia ile karatasi. Mtu mwenye jeraha la uti wa mgongo hapimwi kwa vipimo vya watu wengine, anapimwa kwa vipimo vyake mwenyewe vya siku akiwa mzima. Mpimeni presha, mapigo ya moyo, joto na oksijeni ya kidoleni, siku kadhaa tofauti akiwa hana tatizo lolote, muandike. Kama hamna kifaa, zahanati ya jirani itawapimia. Karatasi iandikwe kwa herufi kubwa, itiwe kwenye plastiki na kufungwa kwenye kiti chake cha magurudumu, na nakala yake ipigwe picha kwenye simu ya kila anayemhudumia. Iseme hivi, au karibu na hivi:

"Nimeumia uti wa mgongo shingoni tangu 2016. Presha yangu ya kawaida ni kadhaa, joto langu la kawaida ni kadhaa. Presha ikipanda kwa 20 au zaidi na kichwa kikiuma, ni disirefleksia otonomia na ni dharura. Niketisheni wima. Legezeni nguo na kamba. Kagueni mpira wa mkojo, kisha choo, kisha ngozi. Sihisi maumivu kuanzia kifuani kwenda chini. Nigeuzwe kila baada ya saa mbili. Dawa zangu zisizokatishwa ni hizi. Anayenihudumia ni huyu, namba yake ni hii."

Kabla hamjatoka nyumbani yapo ya kufanya, na mara nyingi yanamaliza tatizo palepale. Mketisheni. Fungueni mkanda, viatu, soksi zinazobana, na kamba ya mfuko wa mkojo mguuni. Fuateni mpira kutoka mwilini hadi kwenye mfuko: umejikunja? Umelaliwa? Mfuko umejaa? Mkojo ukiwa haushuki na mpira umenyooka, umeziba ndani. Kama mmefundishwa na muuguzi kuusafisha kwa maji safi ya chumvi ya hospitali, mililita 10 hadi 15 zinatosha, yaingizwe polepole yakiwa na uvuguvugu wa mwili. Yasipotoka, mpira ubadilishwe mara moja. Msibonyeze tumbo wala kugonga kibofu, mtaongeza kuni kwenye moto. Kama kibofu kiko salama, chanzo kinachofuata ni choo kigumu, nacho hutolewa baada ya kupaka jeli ya ganzi na kungoja ifanye kazi, la sivyo kidole chenyewe kinaweza kupandisha presha zaidi. Kisha kagueni ngozi: kidonda, ukucha ulioingia nyamani, sehemu iliyoungua, hata korodani iliyobanwa kwenye mkao wa kiti. Nimemwona kijana ambaye chanzo chake kilikuwa kifungo cha suruali alichokikalia.

Mkikipata chanzo na kichwa kikapoa, endeleeni kumpima kila baada ya dakika chache kisha mumwangalie kwa saa mbili, kwa kuwa hurudi. Msipokipata ndani ya dakika kumi, au presha ya juu iko 150 na kuendelea, ondokeni. Hospitali zipo dawa za kuishusha haraka, kama nifedipini, na daktari ndiye wa kuamua. Jambo moja ambalo watu huliona aibu kulisema: kama ametumia dawa za nguvu za kiume siku hiyo au siku chache zilizotangulia, daktari aambiwe kabla ya dawa yoyote ya presha, maana zipo zisizochanganywa nazo.

Na wakati wa kumshusha kutoka huko kwenye mawe, angalieni mfuko wa mkojo. Wabebaji wanne wakimbeba, wa kwanza kuona mfuko unaning'inia huuweka juu ya tumbo lake ili usiwasumbue. Hapo mkojo unarudi nyuma na mpira unajikunja. Mfuko ukae chini ya kibofu njia nzima, na mmoja wenu kazi yake iwe hiyo tu. Kwenye bajaji aketi wima, mtu amshike kifua.

Hayo ni ya presha. Mapafu yana kanuni zake, na baadhi zinapingana na hizo.

Msuli mkuu wa kuvuta pumzi, kiwambo kilicho chini ya mapafu, unaendeshwa na neva zinazotoka kwenye usawa wa tatu, wa nne na wa tano wa shingo. Kwa mdogo wako huo umesalimika, kwa hiyo anavuta hewa. Misuli ya katikati ya mbavu na ya tumbo haifanyi kazi, na hiyo ndiyo ya kukoholea. Anaweza kuwa na nimonia ya kutosha kumlaza mtu kitandani huku kikohozi chake kikisikika kama mtu anayesafisha koo. Mhudumu akiuliza "anakohoa?" ukajibu "kidogo tu", mmeshapotezana. Sema hivi: hana nguvu ya kukohoa, makohozi yamemjaa.

Mafua yoyote, ya mlipuko au ya kawaida, yakimshuka kifuani msaidieni kukohoa. Akiwa amelala chali, weka viganja viwili chini ya mbavu zake, juu ya kitovu. Avute pumzi ndefu, na anapokohoa sukuma kwa ndani na kuelekea juu, kwa wakati mmoja naye. Isiwe baada ya kula, na isiwe kama ana mbavu zilizovunjika. Ukiweza, fundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia kabla hajaugua. Ni somo la nusu saa.

Umeona nimesema amelala chali. Wengi hushangaa, kwa sababu mgonjwa wa pumzi tumezoea kumwinua kwa mito. Kwa aliyevunjika shingo ni kinyume: akilala, uzito wa tumbo unakisukuma kiwambo juu mahali pazuri pa kuvutia hewa, na akiketi tumbo linaporomoka mbele. Basi kichwa kikigonga na presha iko juu, wima. Pumzi ikiwa fupi na presha ni ya kawaida, mwacheni alale, au mfungeni mkanda mpana wa tumbo akiketi. Yakimpata yote mawili, presha inatangulia. Muandike hilo pia kwenye karatasi, maana wodini watamwinua kwa huruma.

Oksijeni ya kidoleni ikiwa chini ya 94 mpeleke, na ikiwa chini ya 90 usimalize hata kufunga mlango. Pasheni kidole kikiwa baridi, na ondoeni hina au rangi ya kucha, vitu hivyo hudanganya kipimo. Lakini msikitegemee peke yake. Mtu ambaye kiwambo chake kimechoka huanza kusinzia mchana, sauti inafifia, anashindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, wakati namba bado inaonekana nzuri. Huyo hahitaji oksijeni tu, anahitaji kusaidiwa kupumua, na hilo ni la hospitali kubwa. Kwenu mjini mna bahati ya kuwa na hospitali za Sekou Toure na Bugando karibu. Kwa msomaji aliyeko Ukerewe au visiwani zaidi, ushauri wangu ni kuvuka mapema, dalili zikiwa bado ndogo, kwa sababu ratiba ya boti haiujui ugonjwa wake.

Kuhusu joto. Chini ya jeraha ngozi yake haitoi jasho wala misuli haitetemeki, kwa hiyo mwili unafuata hali ya hewa. Akichomwa na jua njiani anaweza kufika getini akisoma 38 bila ugonjwa wowote. Mwombeni akae kivulini, anywe maji, apimwe tena baada ya nusu saa. Na kinyume chake, anaweza kuwa na maambukizi makali joto likiwa 37, ikiwa kawaida yake ni 36. Kwake homa mara nyingi hujitangaza kwa njia nyingine: misuli inakaza kuliko siku zote, uchovu usioelezeka, mkojo mchafu wenye harufu kali, kuchanganyikiwa.

Sasa kuhusu mlango uliofungiwa nje. Mwaka ule hospitali nyingi zilizuia wageni, na kwa ugonjwa unaosambaa kwa hewa nawaelewa. Wewe hukuwa mgeni. Mdogo wako hawezi kubonyeza kengele, hawezi kujigeuza, hawezi kushika kikombe. Wewe ndiye mikono yake. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na imeridhia tangu 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 11 kinazungumzia kuwalinda wakati wa majanga. Vifahamu, lakini usianze navyo, maana ukianza na sheria mlangoni watu hujihami. Anza kwa kutoa: "Nitavaa barakoa na chochote mtakachonipa, nipimeni, nikiingia sitatoka hadi zamu iishe, nitamgeuza na kumlisha mwenyewe." Wauguzi wachache waliochoka mara nyingi hulipokea hilo kwa shukrani. Ukikataliwa kabisa, omba kuonana na mganga wa zamu, umkabidhi karatasi mkononi, na omba kugeuzwa kila baada ya saa mbili kuandikwe kwenye faili lake.

Nendeni na mto wake wa kukalia na godoro lake jembamba kama ni la aina maalumu. Ile machela ngumu ya mapokezi inaanza kuua ngozi ya juu ya makalio na visigino ndani ya saa chache, naye hahisi. Nendeni na mipira miwili ya mkojo ya saizi yake na dawa zake zote. Kama anatumia baklofeni ya kulegeza misuli isikatishwe ghafla hata siku moja: kuikatisha kunaweza kuleta homa kali, maluweluwe na degedege, na kipindi cha mlipuko hayo yote yatasomwa kama mlipuko.

Mama mpe heshima zangu, na umweleze hili kwa upole, kwa sababu anayasema kwa upendo. Nyungu haiui kirusi kilicho kwenye mapafu. Kwa mtu mwenye hisia zake inaweza kufungua pua tu. Kwa mdogo wako ni hatari halisi. Mvuke ukimchoma mapaja hatasikia, wala hatajitoa. Akifunikwa blanketi joto linapanda na hawezi kulitoa kwa jasho, na ngozi iliyoungua yenyewe ni chanzo cha ile presha. Nimetibu majeraha ya namna hiyo, na yalikaa miezi.

Kumfungia ndani nako kunamkinga kidogo tu, kwa kuwa ugonjwa utamfikia kupitia mikono inayomuogesha. Bora muwe wahudumu wawili waliofundishwa yote haya, ili mmoja akianza kukohoa apumzike na mwenzake aendelee. Mikono inaoshwa kwa sabuni kabla ya kugusa mpira, kila mara. Akiba ya mipira, glovu na jeli ikae ya mwezi mzima. Na chanjo apate. Jeraha la uti wa mgongo si kizuizi. Ile ya Uviko ilipoanza kutolewa nchini Julai 2021, nilikutana na familia zilizowaacha nyumbani ndugu zao wa namna hii kwa kudhani haiwafai, na wao ndio waliokuwa wakiihitaji zaidi.

Milipuko haifanani, kwa hiyo na tahadhari zibadilike. Kipindupindu kikiingia mtaani, kuharisha maji kunamkausha upesi, na presha yake ambayo tayari iko chini inaporomoka. Sitisha dawa za kulainisha choo, mnyweshe maji ya chumvichumvi ya pakiti, mpeleke siku hiyohiyo, na mbadilishe kila anapochafuka kwa sababu ngozi yenye unyevu inachanika. Maji ya ziwa yasiguse mpira wake bila kuchemshwa. Marburg, iliyotokea Bukoba mwaka 2023 na Biharamulo mwaka 2025, inaambukiza kwa majimaji ya mwili, na ninyi mnashika mkojo na choo chake kila siku. Ikiwepo hofu ya kweli ya ugonjwa wa namna hiyo, yaani amegusana na mgonjwa au ametoka eneo la mlipuko, msimpakie kwenye bajaji. Pigeni 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya, waje wao. Na hapo, dada, sitakuambia ulazimishe kuingia naye. Toa karatasi, toa maelezo yote kwa simu, wamhudumie waliovaa kinga kamili.

Kwa hiyo usiulize tena kama aende, uliza lini. Kichwa kinachogonga kisichopoa ndani ya dakika kumi. Pumzi fupi, au usingizi usio wa kawaida. Mpira usiotoa mkojo ambao hamuwezi kuubadilisha. Mguu mmoja uliovimba kuliko mwingine, maana damu iliyoganda mguuni inaweza kuhamia kwenye mapafu. Kuchanganyikiwa. Kidonda chenye harufu, au cheusi. Lolote kati ya hayo, mlipuko uwepo usiwepo, mshusheni kutoka huko juu. Na kile kidonda cha 2021, kama hakijafunga kabisa au kovu lake linachubuka, kaonwe wiki hii, kwa sababu kinaweza kuwa ndicho kitakachoiamsha presha safari ijayo.

Kipimo cha kwanza kichukueni kesho asubuhi kabla hajanywa chai: kimoja akiwa amelala, kingine baada ya kuketi dakika kumi. Vitatofautiana, hiyo ni kawaida yake. Andikeni vyote viwili.